INJINIA ANAYEBEBA KARAI
Soko la kazi ya ujenzi linataka nini, na sisi tujipange vipi?

Na mratibu wa chama, Rubondo



Saa kumi na moja alfajiri, kabla jua halijatoka juu ya Ziwa Nakivale, senta ya Rubondo imekwisha kuwa na watu. Wanangoja gari la kwenda Mbarara. Ukiwatazama vizuri utajua kila mmoja anakwenda kufanya nini. Mwenye mfuko wenye mwiko, timazi na pimamaji ni fundi mwashi. Mwenye koleo na buti za mpira ni kibarua. Mwenye msumeno uliofungwa kwa gunia ni seremala.

Asubuhi moja nilikaa ndani ya gari karibu na kaka mmoja Mkongomani, mtu wa umri wangu. Jina lake silitaji kwa sababu bado anatafuta kazi. Alikuwa na buti za kibarua. Lakini katika mfuko wa nailoni, chini ya shati, alikuwa na karatasi iliyokunjwa mara nne. Ilikuwa diploma ya ujenzi, imeandikwa kwa Kifaransa. Kwao alisimamia kazi za barabara na madaraja madogo. Hapa anabeba karai.

Juma lile tulikuwa mahali pamoja Mbarara, kwenye ghorofa lililokuwa likijengwa. Mimi nilikwenda kuandikisha wanachama. Yeye alikuwa saidia fundi. Siku ya tatu akaona kwamba ringi zinazofunga nondo za nguzo zimewekwa mbali mno. Akamwambia nyapara kwa adabu. Nyapara akamjibu mbele ya watu: "Wewe bwana, umeletwa hapa kubeba karai au kusoma ramani?"

Kaka akanyamaza, akachukua karai lake.

Siku ya tano akaja injinia wa kampuni, ambaye hufika mara moja kwa juma. Alipozitazama nguzo zile akaamuru zifunguliwe zote kabla ya kumwagwa zege. Ringi zikaongezwa. Nyapara hakusema ni nani aliyeliona kosa kwanza. Jumamosi jioni kaka yule akalipwa pesa ya karai kwa siku sita, sawa na vibarua wengine.

Nimelitafakari jambo hili muda mrefu. Mimi mwenyewe sikufika mbali shuleni. Nilimaliza darasa la saba nikashika mwiko. Lakini naona wazi kwamba hapa kuna hesabu isiyolingana. Kila siku tunasikia nchi inahitaji wahandisi wa ujenzi. Mbona basi huyu anabeba karai?

Wala si mkimbizi peke yake. Nilipokwenda upande wa Bushenyi, mama mmoja mchuma chai alinishika mkono baada ya mkutano. Yeye na mumewe wamechuma majani miaka mingi, wakauza na ng'ombe, ili mtoto wao asomee uhandisi wa ujenzi chuo kikuu. Mtoto amefaulu, amevaa joho, picha iko ukutani. Sasa ni mwaka wa pili yuko nyumbani. Mama akaniuliza: "Ndugu wa chama, tulidanganywa?"

Makala haya ni jibu langu kwa mama yule, na kwa kila mzazi kiwandani na shambani anayejiuliza kama yeye.

KAZI IPO

Kwanza tukubali ukweli kwamba kazi ya ujenzi ipo, na ni nyingi. Hatuna haja ya kwenda mbali kuiona. Mbarara ilifanywa jiji mwezi Julai 2020, na tangu hapo ghorofa hazijaacha kuota. Barabara ya kutoka Mbarara kupitia Isingiro hadi Kikagati, mpakani na Tanzania, ambayo zamani ilikuwa vumbi, sasa ni lami. Hapo Kikagati, Mto Kagera umezuiwa na mtambo wa umeme wa megawati 14. Mbali zaidi, kwenye Mto Nile, kumejengwa Isimba, megawati 183, ulioanza kazi mwaka 2019, na Karuma, megawati 600, uliozinduliwa rasmi mwaka 2024. Tena kuna bomba la mafuta kutoka Hoima hadi bandari ya Tanga, kilomita 1,443, na kati ya hizo kilomita 296 ziko Uganda.

Na hapa Nakivale penyewe? Makazi haya yalianza mwaka 1958 kwa ajili ya wakimbizi kutoka Rwanda. Leo wamo Wakongomani, Warundi, Wasomali, Wanyarwanda na wengine, katika kanda tatu: Base Camp, Juru na hii yetu ya Rubondo. Kila darasa, kila zahanati, kila tangi la maji na kila kalavati linalopitisha mvua chini ya barabara lilipimwa na mtu, likachorwa na mtu, likajengwa na mtu.

Kwa hiyo anayesema kazi ya uhandisi haina haja nchini hasemi kweli. Jambo la kuuliza ni hili: kazi hiyo inamtaka nani, kwa muda gani, na kwa karatasi gani?

NGAZI YA KAZI INA VIDATO VINNE

Wengi wetu tunadhani mahali pa ujenzi kuna watu wa aina mbili, injinia na sisi. Si hivyo. Kuna vidato vinne.

Juu yuko mhandisi. Yeye hupiga hesabu ya uzito, huamua ukubwa wa nguzo na unene wa nondo, na hutia sahihi. Jengo likianguka, sheria inamtafuta yeye.

Wa pili ni fundi sanifu, mwenye cheti cha juu au diploma. Huyu huichukua ramani ya mhandisi na kuileta chini, kwenye udongo. Hupima, huhesabu simenti na kokoto, husimamia kazi kila siku.

Wa tatu ni fundi mchundo: mwashi, seremala, fundi bomba, fundi chuma, mchomeleaji. Mikono yake ndiyo inayojenga.

Wa nne ni kibarua, anayechanganya zege na kubeba.

Sasa angalia hesabu. Kazi moja yaweza kuwa na mhandisi mmoja tu, mafundi sanifu wachache, mafundi michundo makumi, na vibarua wengi kuliko wote. Lakini sisi wazazi wote tunawasukuma watoto kwenye kidato cha juu, chenye nafasi moja. Kidato cha pili na cha tatu tunavidharau, tunasema ni kazi ya walioshindwa shule. Halafu mkandarasi akitafuta mchomeleaji mwenye cheti kinachokubalika kwenye bomba la mafuta, anasema hamwoni, analeta mtu kutoka ng'ambo.

Hilo ni kosa letu kwa sehemu. Lakini si letu peke yetu.

KWA NINI MWENYE SHAHADA ANAKAA NYUMBANI?

Sababu ya kwanza ni kwamba shahada peke yake haimfanyi mtu mhandisi mbele ya sheria. Uganda ina sheria ya kusajili wahandisi tangu mwaka 1969, na bodi inayosimamia. Aliyetoka chuoni lazima kwanza afanye kazi miaka kadhaa chini ya mhandisi aliyesajiliwa, ndipo aombe kusajiliwa naye. Ni jambo jema, kwa maana linalinda maisha ya watu. Lakini kijana anaambiwa: "Lete uzoefu ndipo tukuajiri." Akiuliza uzoefu ataupata wapi bila kuajiriwa, hakuna anayemjibu.

Wenzetu wa Tanzania waliliona tatizo hili. Tangu mwaka 2003 bodi yao ya wahandisi inaendesha mpango wa miaka mitatu ambao mhitimu anawekwa kazini chini ya mkubwa wake, anafundishwa, kisha anasajiliwa. Huo ni mfano wa kuigwa. Kazi kubwa inayolipwa kwa fedha za umma ingepaswa kuwa na nafasi za wanafunzi zilizoandikwa ndani ya mkataba wa mkandarasi, ili zisitegemee hisani yake.

Sababu ya pili ni kwamba kazi ya ujenzi huja na mradi na huondoka na mradi. Chukua mafuta. Mwaka 2006 ilitangazwa kwamba Uganda ina mafuta ya kutosha kuuzwa. Vijana wengi wakakimbilia masomo ya mafuta, wazazi wakauza mashamba. Lakini makampuni yalikata shauri la mwisho la kutia fedha tarehe 1 Februari 2022. Hiyo ni miaka kumi na sita! Aliyemaliza chuo katikati alingoja mpaka akachoka. Na kazi ilipoanza, sehemu kubwa ya mwanzo ilikuwa kazi ya udongo na zege: barabara, uwanja wa ndege wa Hoima, kambi za wafanyakazi. Bomba likisha kufukiwa, wengi wa waliolichimbia watatafuta pengine.

Sababu ya tatu: hata mwenye ajira serikalini hana uhakika. UNRA, mamlaka ya barabara kuu iliyoanza kazi mwaka 2008, ilivunjwa mwishoni mwa 2024 na kazi zake zikarudi Wizara ya Ujenzi na Uchukuzi. Wahandisi na madereva wa greda wakawa katika foleni moja, wakingoja kujua nani atachukuliwa na nani ataachwa.

Hapo ndipo tunapojifunza kwamba mhandisi naye ni mfanyakazi. Anauza akili yake kama sisi tunavyouza mikono, na siku ya kupunguzwa hapunguziwi uchungu kwa sababu ya tai.

KARATASI ISIYOVUKA MPAKA

Turudi kwa kaka yetu wa Rubondo. Yeye ana elimu, ana uzoefu, macho yake yanaona kosa la ringi mbele ya nyapara. Kinachomkwamisha ni karatasi.

Diploma yake ni ya Kifaransa, ofisi zinataka Kiingereza. Kuitafsiri kwa mtafsiri anayekubalika ni pesa. Kisha lazima Baraza la Taifa la Elimu ya Juu, Kampala, lipime diploma hiyo inalingana na ipi ya hapa. Hiyo ni pesa nyingine na nauli nyingine. Na yeye ana bahati kwamba aliibeba karatasi siku ya kukimbia. Wako wengi waliokimbia na mtoto mgongoni na sufuria mkononi, vyeti vikaungua na nyumba.

Watu huniambia: "Lakini sasa Kongo iko ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki." Ni kweli, iliingia mwaka 2022. Tena ni kweli kwamba bodi za wahandisi za Kenya, Uganda na Tanzania zilitia sahihi mapatano ya kutambuana mwaka 2012, na Rwanda ikajiunga mwaka 2016. Lakini mapatano hayo ni ya mhandisi aliyekwisha kusajiliwa kwao. Nchi kuingia katika Jumuiya hakufanyi diploma ya mtu ikubaliwe kesho yake.

Na sheria inasemaje juu ya mkimbizi? Tuisome vizuri, maana waajiri wengi hawaijui na wengine hawataki kuijua. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inampa mkimbizi haki ya kutafuta kazi ya kulipwa. Inampa pia haki ya kujiunga na chama cha wafanyakazi. Kwa hiyo mwajiri anayesema, "Wewe mkimbizi, chukua nusu au ondoka," hana msingi. Anategemea woga wetu tu.

Na nawaambia wenyeji, ndugu zangu wa Isingiro na Mbarara: mkimbizi akilipwa nusu, ninyi mtaambiwa mkubali nusu hiyo hiyo. Tangu chakula cha msaada kilipopunguzwa sana, hasa mwaka 2025, watu wengi zaidi wanatoka Nakivale kutafuta kibarua. Tukigombana wao kwa wao, wenyeji kwa wageni, mwenye faida ni mmoja, naye hayumo kati yetu.

MTU WA KIWANDANI INAMHUSU NINI?

Huenda msomaji wa kiwanda cha maziwa au shamba la chai anasema: "Mimi si mjenzi. Habari za wahandisi zanihusu nini?"

Zinakuhusu kwa sababu unafanya kazi chini ya paa ambalo mtu alilipigia hesabu, au hakulipigia.

Kule Bangladesh, karibu na mji wa Dhaka, kulikuwa na jengo la ghorofa nane liitwalo Rana Plaza, lenye viwanda vya nguo. Tarehe 23 Aprili 2013 kuta zilipasuka. Injinia akaitwa, akasema jengo si salama, watu watoke. Benki iliyokuwa chini ikafunga. Lakini washona nguo waliamriwa kurudi kazini kesho yake. Asubuhi ya tarehe 24 jengo likaanguka. Walikufa watu 1,134. Injinia alikuwapo na alisema kweli. Kilichokosekana ni nguvu ya wafanyakazi kukataa kuingia.

Hapa kwetu hatujasahau Bwebajja, barabara ya Entebbe. Mwaka 2004 hoteli iliyokuwa ikijengwa iliporomoka na kuua watu 11. Baadaye, mwaka 2013, Bunge lilipitisha Sheria ya Udhibiti wa Majengo. Sheria ni nzuri, lakini sheria haipandi ngazi kukagua ringi. Anayepanda ni mtu. Na anayelala katika nyumba za mstari za shamba la chai, anayepita na trekta juu ya daraja la mbao lililooza, ni wewe.

Kwa hiyo tunapodai wahandisi waajiriwe, wasajiliwe na wasikilizwe, tunajidai uhai wetu wenyewe.

TUFANYE NINI?

Sipendi makala yanayolia tu. Haya ni mambo tunayoweza kuanza nayo.

1. Mzazi, usimfungie mtoto njia moja. Akipenda hesabu na ana uwezo, asome uhandisi. Lakini njia ya ufundi nayo inapanda. Mtu anaweza kuanza na cheti cha uashi, akaingia chuo cha ufundi kama kile cha Bushenyi kupata diploma, akafanya kazi, kisha akaendelea na shahada akiwa na uzoefu ule unaodaiwa.

2. Fundi uliyejifunza kazini, tafuta cheti cha ujuzi wako. Uganda ina utaratibu wa kumpima mtu kwa mikono yake, hata kama hakukaa darasani. Sheria mpya ya elimu ya ufundi ya mwaka 2025 imekusanya mitihani ya ufundi chini ya bodi moja. Kabla hujampa mtu yeyote pesa, uliza katika chuo cha ufundi kilicho karibu nawe.

3. Weka daftari la kazi. Andika tarehe, mahali, kazi uliyofanya na aliyekusimamia, naye atie sahihi. Daftari la shilingi chache laweza kukusaidia siku utakapoulizwa, "Umefanya nini?"

4. Jua sheria yako. Kanuni za ajira za mwaka 2011 zinasema mtu asiwekwe kibarua zaidi ya miezi minne. Baada ya hapo ana haki ya mkataba wa maandishi. Tangu mabadiliko ya mwaka 2022, kila mwajiri, hata mwenye mfanyakazi mmoja, anapaswa kujiandikisha NSSF. Mwajiri hutoa asilimia 10, wewe 5. Ukiumia kazini, sheria ya fidia ya mwaka 2000 inakulinda, na mfanyakazi akifa kwa ajali ya kazi wanaomtegemea wanastahili fidia ya mishahara ya miezi 60. Toa taarifa ya ajali mapema, kwa maandishi, na ubaki na nakala.

5. Ukiona nguzo imepinda au ukuta umepasuka, usiseme peke yako kama kaka yetu. Mwambie mwakilishi wa chama, aandike, apeleke. Nyapara anaweza kumtukana mtu mmoja. Barua ya chama ataisoma.

6. Chama chetu kidai vyeti vya wakimbizi vipimwe kwa ada wanayoiweza, na wanaongoja jibu waruhusiwe kufanya kazi ya fundi sanifu chini ya mhandisi aliyesajiliwa, kwa malipo ya kazi hiyo. Nchi haipati hasara yoyote kwa jambo hili. Inapata macho zaidi ya kuona ringi.

JIBU KWA MAMA

Mama mchuma chai, hukudanganywa kuhusu elimu ya mtoto wako. Ulidanganywa ulipoambiwa kwamba shahada ndiyo mwisho wa safari. Mwambie kijana asione haya kuingia kazini kama msaidizi wa fundi sanifu, mradi alipwe, apewe mkataba, na daftari lake litiwe sahihi na mhandisi. Na ajiunge na chama, kwa sababu chama si cha wabeba karai peke yao.

Ama kaka wa Rubondo, wanachama wa tawi letu walichanga kidogo kidogo mpaka diploma yake ikatafsiriwa. Imekwisha kupelekwa Kampala. Majibu bado. Alfajiri ya leo nilimwona tena akingoja gari, na buti zake zilezile. Nikamsalimu, akaniambia kwamba mahali anapofanya kazi sasa nyapara mpya amemwomba amsaidie kusoma ramani.

Nikamwuliza: "Na pesa je?"

Akasema: "Bado ni ya karai."

Basi kazi yetu haijaisha, ndugu zangu. Tukutane mkutanoni.

Umoja ni nguvu!